Shirwa na Dawa Inayofuata Chapa

Hebu mwone kwanza anavyofika. Saa nne asubuhi, njia panda ya Modogashe, malori ya Isiolo yamepanga foleni upande huu na ya Garissa upande ule, vumbi bado halijatulia. Gari dogo jeupe linasimama mbali kidogo na vibanda vya chai. Mlango wa nyuma unafunguka. Inatangulia fimbo. Unafuata mguu wa kushoto, halafu, baada ya kitambo na bismillahi moja, mguu wa kulia. Mwisho anatoka mwenyewe: mrefu, mkavu, ndevu nyekundu kwa hina, kikoi kimefungwa vizuri kama cha mtu anayekwenda kuswali Idi. Watu wanamtambua. Wanamjia mbio, mikono wameshainyoosha, na mzee huyo, badala ya kuipokea, anainua fimbo juu kama anayezuia ngamia wasiingie majini kabla ya zamu yao.

"Hapo hapo! Simameni hapo hapo. Mimi leo ni moto."

Kila mtu akasimama. Si kwamba walielewa, ila Shirwa alikuwa hajawahi kukataa mkono wa mtu tangu wamjue. Aliyekuwa amekaribia kuliko wote ni Qali, binti yake, mwalimu wa shule ya msingi pale pale Modogashe, mimba yake ya miezi mitano ikianza kumtangulia. Fimbo ikamgeukia yeye.

"Wewe ndiye hasa, Aabo. Rudi nyuma fimbo mbili nyingine."

Aabo ni baba, lakini kwa Wasomali baba naye humwita mwanawe hivyo hivyo. Neno linakwenda na kurudi. Basi Qali akarudi nyuma, kicheko na machozi vikimtoka pamoja, maana katika wote waliosimama pale, yeye peke yake ndiye aliyejua moto huo ni upi, na kwamba baba yake ameubeba mwilini kwa hiari yake.

Nitakueleza alivyofikia hapo. Kaa vizuri, usiwe na haraka.

Shirwa hakuwa tajiri wa mifugo. Kazi yake ilikuwa kutafuta baadi, yaani mnyama aliyepotea. Ngamia akikatika kundini na mwenyewe akishindwa kumwona, anaitwa Shirwa. Anafika, anainama, anatazama mchanga kama wewe unavyotazama gazeti, kisha anasema: huyu ni jike, ana mimba, mguu wa nyuma una kidonda, amepita jana baada ya adhuhuri. Anachukua dumu lake la maji, anakwenda. Kuna jike mmoja alimfuata siku kumi na moja, kutoka Modogashe mpaka karibu na Buna, akarudi naye, na makubadhi yake ya tairi yamebaki kamba tupu.

Lakini nyayo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni sumad, ile chapa ya moto ambayo kila ukoo huwapiga ngamia wake. Ukifika kisima cha watu unatafuta mnyama, hawakuonyeshi kitu. Watakupa maziwa, watakuuliza habari za mvua, halafu mtu mmoja atasema: haya, taja. Hapo unataja mbele ya wote: chapa ni ya umbo gani, iko shavuni au shingoni, kulia au kushoto. Ukiitaja sawasawa, unaletewa ngamia wako. Ukiona haya, ukamung'unya maneno, unarudi mikono mitupu hata kama mnyama wako amefungwa nyuma ya nyumba. Lishike hilo jambo la kutaja, tutalihitaji mbele.

Maana mtu huyu, aliyetaja sumad za wenzake kwenye visima vya kila upande, ya kwake mwenyewe ilimshinda kutaja.

Alianza kwa kuamka usiku kwenda haja ndogo. Mara mbili. Mara nne. Akanyamaza. Mambo ya mkojo mwanamume hasemi, hata kwa mkewe. Baadaye nyonga ya kulia ikaanza kuuma, akasema ni mgongo umechoka na safari. Wazee wakamlaza kifudifudi, wakamchoma kwa chuma cha moto alama nne kiunoni, tiba ya tangu zamani. Alipoinuka, Jelle alikuwa mlangoni. Jelle ni dalali wa mifugo, rafiki yake tangu wakichunga ndama wa ngamia pamoja, na ni mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Mashallah," Jelle akasema. "Sasa hata wewe ukipotea tutakutaja."

Nyonga haikupona. Shirwa akaanza kutembelea fimbo, akiivuta kidogo upande wa kulia, na Jelle hakuliacha hilo lipite. "Nimeziona nyayo zako leo, Shirwa. Mguu, mguu, fimbo. Wewe ni mtu au ni kigoda?"

Watu wa kibandani wakacheka, na Shirwa akacheka nao. Hakumwambia mtu.

Aliyemfichua ni Qali. Alimpeleka Garissa kwa nguvu, kwa kisingizio cha huo mgongo, na kwa kuwa Kiswahili cha baba yake kilikuwa cha sokoni, yeye ndiye aliyekuwa mkalimani. Daktari akauliza, "Mzee huamka mara ngapi usiku kukojoa?"

Qali akatazama sakafu. Binti hamuulizi babake swali kama hilo. Akalizungusha kwa Kisomali: "Anauliza usingizi wako ukoje."

"Mwambie mzuri. Naamka mara moja tu."

Qali hakulitafsiri jibu hilo. Kisha akasema, sauti ndogo: "Aabo, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma mchanga. Leo alfajiri nimeziona nyayo zako nyuma ya ua. Zimekwenda mara saba, zikarudi mara saba."

Shirwa alitazama ukuta. Daktari alikuwa ameinua kalamu, akingoja. Halafu mzee, badala ya kukasirika, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Ulizitofautisha vipi na za jana?"

"Za jana upepo ulikuwa umeshalainisha kingo zake."

"Basi," akasema Shirwa, na ukimsikiliza vizuri utasikia fahari imeipiku haya, "mwambie daktari saba."

Ilikuwa saratani ya tezi dume, na ilikuwa imeshatoka ilipoanzia, imeingia kwenye mifupa ya nyonga na uti wa mgongo. Sindano za kuzima homoni ziliituliza mwaka na zaidi. Halafu ikaamka. Dripu za kemo zikaipunguza kidogo, zikampunguza na yeye. Ikafika siku Shirwa akaswali ameketi kwenye kiti cha plastiki, na hilo lilimuuma kuliko nyonga yenyewe. Ndipo daktari wa Garissa akamwambia bila kuzunguka:

"Mzee, kuna dawa nyingine, iko Nairobi. Inaingia kwenye damu imebeba mionzi, inaifuata saratani popote ilipojificha. Lakini kwanza lazima waone kama saratani yako ina alama ambayo dawa hiyo inaitafuta. Ikiwa haina, dawa si yako, na kitakachobaki ni kukutuliza maumivu tu."

Shirwa hakuwa akiomba miaka mia. Alichotaka ni kutembea. Mtu wa nyayo asiyeacha nyayo, alijiuliza, anabaki kuwa nani? Watu wa ukoo, walioambiwa ni mgongo tu, wakachanga, kila boma na chake, naye akashika barabara ya Nairobi na Qali ubavuni.

Hospitalini sista akawapokea vizuri, akafungua faili, akauliza swali ambalo huulizwa kila anayesindikiza mgonjwa: "Dada, una mimba? Maana baada ya sindano ya leo mjamzito hatakiwi kukaa karibu na mzee."

Sasa hapo palikuwa pagumu. Qali alikuwa na mimba ya miezi minne chini ya jilbabu pana, na waliojua ni mumewe na mamake, Sharifo, basi. Baba haambiwi. Baba huona mwenyewe siku ikifika, akajifanya hajaona. Tena Qali alikuwa ameolewa miaka tisa bila mtoto. Hata kuliwaza jambo hilo kwa sauti alikuwa anaogopa.

Sista akarudia polepole, akidhani hakusikika.

"Ndiyo," Qali akasema kwa Kiswahili, akimwomba Mungu babake asielewe. Lakini mimba ni neno la sokoni. Hakuna mtu wa ngamia asiyelijua.

Shirwa hakugeuka. Macho yalikuwa kwenye faili. "Miezi mingapi?" akauliza kwa Kisomali.

"Minne."

"Alhamdulillah." Akaisogeza fimbo yake karibu. "Mimi nimetaja yangu Garissa, wewe umetaja yako hapa. Tumelingana. Haya, nenda ukakae mbali, Aabo. Getini kabisa."

Kwa hiyo akabaki peke yake na Kiswahili chake, kile ambacho ndani yake p zote zimegeuka b, na v zote f.

"Haya mzee wangu," sista akasema, "vua viatu. Leo tunakufanyia PET."

"Nini?"

"PET. Haichukui muda. Wewe unalala tu, mashine inafanya kazi yenyewe."

Shirwa, aliyekuwa ameshavua kiatu kimoja, akakivaa tena. "Sista, mimi mtu ya dini. Mimi hafanyi beti."

"Mzee, ni lazima. Bila hiyo hatuwezi kujua kama dawa itakufaa."

"Afadhali mimi nakufa bole bole. Hii beti imemaliza fijana ya Modogashe. Inaangalia mpira ya Ulaya kwa simu, inauza mbuzi ya mama yake. Sasa hosbitali kubwa kama hii bia inacheza?"

Akachukua fimbo yake, akatoka.

Mwone Qali kule getini. Anamwona babake anakuja, mguu, mguu, fimbo, mapema kuliko ilivyotarajiwa, uso umekunjwa. Akajua wamemrudisha. Akajua ile alama haipo.

"Hawajaiona?" akauliza.

"Hawajaona nini? Wanataka nicheze kamari!"

"Kamari?"

"Yule binti anasema lazima beti. Anasema mashine inacheza yenyewe. Mimi niliyekwenda Makka!"

Qali alikaa chini kwenye ukingo wa bustani, jilbabu na yote, akacheka mpaka mlinzi wa geti akamletea maji. "Aabo, si beti. Ni PET. Ni picha ya mwili mzima."

"Si ndiyo nimesema? Beti."

"PET. Funga midomo halafu uipasue."

"Be. Ti."

"Basi, Aabo. Nenda ukapigwe picha."

Akarudi ndani, akasimama mbele ya sista kama mwanafunzi aliyechelewa. "Sista, samahani. Mimi nilisikia fibaya." Sista naye akacheka, na toka siku hiyo mpaka leo, ukipiga simu kitengo kile ukamtaja Shirwa hawamjui, lakini ukisema Mzee wa Beti wanakuuliza nyonga yake inaendeleaje.

Kesho yake waliitwa wote wawili, maana ile sindano ya picha ilikuwa imeshapoa mwilini. Daktari alikuwa mtu mzima, mwenye miwani na sauti ya chini. Akageuza skrini. Pale palikuwa na mwili wa Shirwa, kijivu kama kivuli, na ndani yake vidoa viking'aa: nyongani, mgongoni, ubavuni. Daktari akaeleza, Qali akafuata nyuma akitafsiri, mpaka akafika kwenye neno alama. Hapo akakwama. Kisha akachukua neno la nyumbani.

"Anasema saratani yako ina sumad."

Shirwa akainua kichwa. "Rudia."

"Ina sumad, Aabo. Ndiyo hiyo inayong'aa. Dawa yao imefundishwa sumad hiyo moja tu. Ikiingia kwenye damu inazunguka mwili mzima, ikikutana na seli yenye chapa hiyo inaishika, na ule moto iliobeba unaichoma hapo hapo. Zisizo na chapa inazipita."

Shirwa alitazama skrini kwa muda mrefu, vile alivyokuwa akitazama mchanga. Halafu akauliza swali, na Qali akalitafsiri huku akiogopa kidogo: "Mzee anauliza, na zile seli za jirani ambazo chapa zao zinafanana na hii, si zitashikwa pia?"

Daktari akavua miwani. "Nani amemwambia mzee aulize hilo?"

"Hakuna. Ndiyo kazi yake."

"Mwambie ameuliza sawasawa. Tezi za mate huinasa dawa hii, na figo nazo kidogo. Mdomo wake utakuwa mkavu. Tutakuwa tunapima figo na damu kila mara."

Shirwa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuna mtafuta baadi ambaye hajawahi kushika ngamia wa watu kwa makosa. "Mwambie nimeisamehe dawa yake mapema. Na kiu mimi naijua."

"Jambo moja zaidi," daktari akasema. "Simwahidi kupona. Kuna ambao saratani yao inarudi nyuma kwa muda mzuri, maumivu yanapungua, wanatembea. Kuna ambao haiwasaidii. Tutajua tukiwa njiani."

Hapo ndipo Shirwa alipompenda. Maisha yake yote alikuwa akiwaambia wenye ngamia maneno kama hayo hayo, na waliotaka kuapiwa aliwaambia watafute mtu mwingine. "Huyu," alimwambia Qali, "nampa kazi."

Siku ya dawa, wiki tatu baadaye, Qali hakuja. Shirwa alilala kitandani, mshipa wa mkono umeshachomwa, na sista akaingia akisukuma toroli yenye kopo zito. "Dawa yako hiyo, mzee. Iko ndani ya risasi."

Shirwa alilitazama lile kopo. Mtu wa Garissa anaijua risasi. Lakini mara hii hakuvaa viatu. Alikuwa amejifunza kuuliza kwanza. "Sista, mimi nakimbia risasi tangu kijana. Leo nalala naingoja?"

"Ni risasi ile madini, mzee wangu, ya kuzuia mionzi isitoke. Haina bunduki."

"Haya. Biga."

Haikuchukua muda wa kunywa chai. Wala hakusikia moto wowote. Kilichofuata kilikuwa masharti. Akae mbali na watu siku kadhaa, na watoto na wajawazito zaidi. Alale peke yake. Anywe maji mengi. Akienda haja ndogo akae, asisimame, na amwage maji mara mbili.

"Hiyo ya kukaa," Shirwa akamwambia sista, akijiweka sawa kwenye mto, "sisi nafunzwa na mama. Mtu ya adabu hakojoi simama."

Alikaa siku tano kwenye chumba cha peke yake kwa shemeji yake, Eastleigh, akipokea chakula mlangoni. Siku ya sita mpwa wake akamrudisha nyumbani, yeye kiti cha nyuma, pembeni kabisa, dirisha wazi. Na ndipo tulipomkuta, fimbo juu, watu wamesimama.

Sikumaliza kukuambia kilichotokea pale njia panda.

Jelle alikuwa kibandani na gilasi yake ya chai. Hakuinuka. Akapaza sauti ili wote wasikie: "Moto gani huo usiotoa moshi? Umekwenda Nairobi miguu mitatu, umerudi miguu mitatu. Haya, taja!"

Alisema kwa mzaha. Lakini neno ni neno, na likishatamkwa mbele ya watu lina desturi yake. Wazee wawili waliokuwa wakinunua tumbaku wakageuka. Qali akashika jilbabu yake kwa vidole vyote. Angeweza kusema mgongo. Mgongo ulikuwa bado upo, ungemtosha.

Shirwa akaishusha fimbo, akaisimika ardhini, akanyooka.

"Nataja," akasema. "Ni saratani. Ilianza kwenye tezi iliyo chini ya kibofu, ile aliyonayo kila mwanamume aliyesimama hapa. Ikatembea ikafika nyonga ya kulia, ubavu na uti wa mgongo. Nilikuwa naamka usiku mara saba na nikaona haya kusema, na katika haya hiyo ikapata nafasi ya kufika mifupani. Sasa imewekewa dawa inayoijua sumad yake na kuifuata. Mbili zimebaki: irudi au isirudi. Lakini nimeitaja."

Lori moja likapiga honi, likaondoka. Mzee mmoja wa tumbaku akasema, "Umetaja sawasawa," kama wanavyosema kisimani. Jelle peke yake akatema chini. "Mambo ya mkojo, njia panda!" akasema, akamwaga chai iliyobaki, akaenda zake.

Nyumbani Shirwa alichora mstari mchangani kuzunguka kibanda chake, fimbo mbili kila upande, akatangaza: mtu asivuke. Kila alfajiri aliukagua. "Wewe mwenye soli ya maua," alimwita Qali kwa mbali, "jana umevuka vidole viwili ukiweka chupa ya chai. Nimekuona." Alikula kwenye sahani yake mwenyewe, jambo gumu kwa mtu ambaye maisha yake yote ameingiza mkono kwenye sinia moja na wenzake. Sharifo, mkewe, alikaa nje ya mstari kumliwaza. "Miaka thelathini nakuomba uniletee kuni," akamwambia, "leo umekuwa moto mwenyewe, na sikukaribii."

Siku zilipotimia akaufuta mstari kwa mguu.

Dozi ya pili ikaja baada ya wiki sita, kisha ya tatu. Mdomo ulikauka kama alivyoahidiwa. Kila alipokwenda alikwenda na chupa ya maji, na nyama kavu ikamshinda. Kuna wiki alichoka hata kuzungumza. Lakini kipimo cha damu kilishuka, kikashuka tena, na kwenye picha nyingine ya beti vile vidoa vya nyongani vilikuwa vimefifia kama nyota asubuhi inapoingia. Si vyote. Ubavuni kimoja kilibaki, daktari hakukificha. Asubuhi moja Sharifo alisikia kimya mahali pa takbiri ya kuinuka, akachungulia, akamkuta mumewe yuko kwenye sijda, paji la uso liko chini mchangani, na kile kiti cha plastiki kimesimama pembeni bila mtu. Alikawia sana kuinuka. Sharifo anasema hakukawia kwa maumivu.

Kisha Qali akajifungua msichana, Khadra, siku thelathini na mbili baada ya dozi ya tatu. Shirwa alikuwa ameshampigia sista kuuliza. "Mbebe, Mzee wa Beti," sista akamwambia. Akambeba, akamsomea adhana sikioni bila haraka, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Sasa njoo nikuonyeshe asubuhi moja tu, ya wiki moja baadaye, kabla hajaondoka kwa dozi ya nne. Alikuwa ametoka kutembea. Ndiyo, kutembea, bila fimbo, polepole, kwa ajili tu ya kuona nyayo zake mwenyewe nyuma yake: mguu, mguu, mguu, mguu. Akapita nyuma ya ua wa Jelle. Akasimama.

Mchanga ulikuwa umeandikwa. Makubadhi ya tairi, kisigino cha kushoto kimelika kwa nje, yametoka kwenye mlango mdogo yakaenda kwenye kichaka cha miiba, yakarudi. Yakaenda tena, yakarudi. Kingo zote zilikuwa bado kali, za usiku huo mmoja. Na pale kichakani nyayo zilikuwa zimesimama muda mrefu, zikihamisha uzito, kama za mtu anayengoja kitu kisichotaka kuja.

Shirwa akazunguka mbele. Jelle alikuwa amekaa kwenye mkeka, anamimina chai. Akamtazama rafiki yake miguuni.

"Kigoda kimepoteza mguu," akasema.

"Mara sita," Shirwa akajibu, akikaa.

"Nini mara sita?"

"Nyuma ya ua wako."

Jelle akaweka birika chini. "Ni mbuzi."

"Mbuzi gani anavaa makubadhi ya tairi, kisigino cha kushoto kimelika?"

"Shirwa, nenda kwako."

"Huenda si kitu. Daktari anasema kwa wengi si saratani, ni tezi imekua tu, na kuna dawa. Lakini mimi nilikaa na changu bila kupima mpaka kikaingia mfupani, na wewe ulikuwa unanihesabia miguu. Garissa wanatoa damu kidogo tu. Hata beti huhitaji bado."

Jelle alikaa kimya, yeye ambaye hakuwa na historia ya kimya. Chai ikapoa. Nje lori liliunguruma kwenda Garissa, likasimama njia panda kupakia, kama linavyosimama kila asubuhi.

"Wanaanza na nini?" akauliza mwishowe, akitazama kisigino cha kiatu chake.

"Wanaanza na kutaja."

"Mbele ya nani?"

"Leo mbele yangu. Mimi nimekaa. Haya, taja."

Jelle akaisukuma gilasi pembeni. Akatazama mlangoni kuona kama mkewe yuko karibu, kisha akasogea kwenye mkeka mpaka magoti yao yakagusana, maana siku hizo Shirwa hakuwa moto kwa mtu yeyote.

Nami hapo nawaacha, ni mambo yao. Ila wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: kesho alfajiri ukitoka nyuma ya nyumba yako ukatazama chini, utakuta nyayo za nani, na utamwambia nini?